Naruhusiwa kuuza mbeleko ninazoshona mwenyewe hapa Marekani?

Cherehani_ya_Tanga

Habari za humu, wanajamvi. Naombeni msaada kwa yeyote aliyewahi kupitia haya, maana soko linafunguliwa Mei na mimi silali.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Huu ni mwaka wa sita nipo St. Paul, Minnesota. Mchana nafanya usafi hotelini, usiku watoto wakilala nakaa kwenye cherehani. Nilianza kwa kumshonea binti yangu wa mwisho gauni la kitenge la Idi. Mama mmoja akaliona msikitini akaomba la mwanawe, akaja mwingine, akaja mwingine. Mwaka jana pekee nimeshona magauni sitini na kitu ya watoto, midoli 24 ya kitambaa na mbeleko 15.

Mbeleko ndizo zilizonishangaza. Wanaonunua si watu wa kwetu, watu wa kwetu wana khanga zao kabatini. Wanunuzi ni akina mama wa hapahapa, Wazungu, wenye vichanga. Mmoja aliniambia alipojaribu mbeleko yangu mtoto alinyamaza mara ya kwanza baada ya siku tatu za kulia. Nazishona hivi: kitenge kizito cha pamba yadi tatu, pindo mara mbili pande zote, kona nne nazikaza kwa mshono wa kukatiza ili zisifumuke wakati wa kufunga. Hakuna kifungo, hakuna pete, hakuna zipu. Nauza dola 38.

Sasa nimeomba meza kwenye soko la wakulima la Jumamosi. Waandaaji wakaniletea fomu, na kwenye fomu kuna mstari unasema kila bidhaa ya mtoto wa miaka 12 kushuka chini iambatanishwe na cheti. Mimi nikadhani ni kitu kama leseni ya biashara, unalipa dirishani unapewa karatasi. Nilipoanza kusoma ndipo miguu ikaniisha nguvu. Kuna sheria, CPSIA, ilitiwa saini Agosti 14, 2008. Inataka risasi (yale madini, si ya bunduki) isizidi sehemu 100 katika milioni kwenye kitu chochote cha mtoto, na kwenye rangi ya kupaka isizidi sehemu 90. Inataka lebo isiyotoka yenye jina la mtengenezaji, mahali na tarehe. Inataka upimaji wa maabara iliyokubaliwa na CPSC, ile tume yao ya usalama wa bidhaa.

Nikapiga simu maabara moja. Kwa mbeleko, mtindo mmoja tu, wakanitajia karibu dola 1,400. Mbeleko zote 15 za mwaka jana ziliniingizia dola 570, na hapo sijatoa hela ya kitambaa wala ya uzi.

Niseme kinachoniuma zaidi ya hela. Mama yangu aliuza vitumbua Ngamiani mimi nikiwa mgongoni. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na kweli, kisogo cha mama nakikumbuka kuliko uso wake wa ujanani. Nimebeba watoto wangu wanne hivyohivyo. Sasa naambiwa kitu hicho ni hatari mpaka mashine iseme si hatari. Sitaki kukwepa sheria ya watu, nataka kuielewa. Je, kuna msamaha wowote kwa sisi tunaoshona kidogokidogo? Midoli yangu ina macho ya vifungo, itakuwaje? Na dada yangu Tanga anataka anishonee magauni anitumie kwa mzigo, hilo linaongeza tatizo au linapunguza?

MsemaKweli255

Dada, unajipa presha bure. Kitambaa ni kitambaa. Futa neno mbeleko, andika "kitenge, yadi tatu, kina pindo". Mtu akifika nacho kwake akambebea mtoto au akatandika meza, hiyo ni yake. Huku Kariakoo nani amewahi kuombwa cheti cha khanga? Uza, ulee wanao.

FundiMbao

Dada wa Tanga, pole. Mimi nachonga magari na wanyama wa mbao, nipo Columbus, Ohio, nimeianza kazi hii 2004. Nitakueleza ninachokijua kwa kukipitia, na uvumilie urefu.

Sheria hiyo ilikuja na sababu yake. Agosti 2007 Mattel, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea, peke yake iliita irudishwe karibu bidhaa milioni moja za Fisher-Price zilizotengenezwa China, kwa kuwa rangi yake ilikuwa na risasi. Wazazi walikuwa wanawanyang'anya watoto vitu mikononi. Bunge likapitisha sheria haraka, na katika haraka hiyo likatupima sote kwa kipimo kimoja. Kiwanda kinachotoa magari laki moja kinapeleka machache maabara, gharama inagawanywa kwa laki moja na haionekani. Mimi nilikuwa natoa magari 40 ya mtindo mmoja, tena nina mitindo 11. Kila mtindo ulipaswa kupimwa peke yake.

Kikomo cha kwanza cha risasi, sehemu 600 katika milioni, kilianza Februari 10, 2009. Siku kumi na moja kabla, Januari 30, tume ikaahirisha kwa mwaka mmoja sharti la kupima na kutoa vyeti, lakini kikomo chenyewe kikabaki. Nilikuwa na magari yaliyopakwa rangi tayari, na sikuwa na karatasi ya kuthibitisha rangi ile ilikuwa na nini. Niliyafungia kwenye maboksi na sijayauza mpaka leo. Watu walifunga kazi wakati ule, mafundi wazuri kabisa. Hata wauzaji wa vitabu vya mitumba walihangaika, maana ilisemwa wino wa vitabu vya watoto vilivyochapwa kabla ya 1985 unaweza kuwa na risasi. Ndipo mafundi na wenye maduka madogo wakaungana, wakaunda Handmade Toy Alliance, wakapiga hodi Washington mpaka wakasikika. Agosti 12, 2011 Rais Obama akatia saini marekebisho, na humo ndimo ulimo msamaha unaouulizia.

Uko hivi. Kama mauzo yako yote ya bidhaa kwa mwaka hayazidi dola milioni moja (kiwango hupandishwa kufuata mfumuko wa bei) na bidhaa husika hukutengeneza zaidi ya 7,500, unajiandikisha kwa tume kama mtengenezaji mdogo. Ni bure, kwenye tovuti yao, unapewa namba, na kila mwaka unajiandikisha upya. Ukishakuwa nayo, vipimo vinagawanyika makundi mawili. Kundi B husamehewi kutimiza kiwango, unasamehewa kwenda kulipia maabara ya nje. Unaweza kujiridhisha kwa njia nyingine ya uhakika, kama karatasi za muuzaji wa malighafi. Kundi A halina msamaha kwa yeyote, hata ukishona kitu kimoja kwa mwaka.

Sasa vitu vyako.

Magauni ndiyo mepesi. Pamba, hata iliyotiwa rangi, tume ilishakubali haina risasi ya kuvuka kikomo, kwa hiyo kitambaa chenyewe hakipimwi. Angalia tu chapa iliyokaa juu ya kitambaa, kama zile za dhahabu zinazometameta na kubanduka ukikwaruza, hizo haziingii kwenye msamaha huo. Kwa kitenge chako cha kuchapwa, mtafute muuzaji akupe maelezo ya rangi zake. Moto nao: kitambaa laini kisicho na manyoya chenye uzito wa wakia 2.6 au zaidi kwa yadi ya mraba hakipimwi, na kitenge kizito kinavuka hapo. Kapime kwenye mizani ya jikoni, kata kipande chenye vipimo kamili. Vifungo vya nguo havihesabiwi kwenye sheria ya vipande vidogo, lakini kikomo cha risasi kinavihusu, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye cheti cha maabara. Sheria inaruhusu kutumia kipimo cha malighafi kilichofanywa na muuzaji, mradi kiwe cha kweli na ukitunze. Na usishone hata gauni moja ukaliita la kulalia. Nguo za kulalia za watoto zina kanuni zake: ama zibane mwili ama kitambaa kijizime chenyewe moto ukishika, na pamba inayopepea haijizimi.

Midoli sasa. Vipande vidogo viko kundi A. Kuna kopo la kipimo, kipenyo chake milimita 31.7, kitu kikiingia chote humo ni cha kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Na usidhani utaandika "miaka 3 na zaidi" ukapona. Mdoli laini wa kitambaa unahesabiwa kuwa wa mtoto yeyote, lebo iseme isemavyo. Maabara inauvuta, inauangusha, inausokota, kisha inaangalia nini kimetoka. Kwa mtoto wa miezi 18 hadi miaka 3 mvuto ni ratili 15 kwa sekunde 10, karibu kilo 7. Mimi nina mizani ile ya kuning'iniza ya kupimia begi la safari. Kabla sijapeleka kitu maabara nakifunga hapo nakivuta mwenyewe. Haichukui nafasi ya maabara ila inakuokoa kulipa ada ya kufeli. Ng'oa vifungo, darizi macho kwa uzi.

Mbeleko sitakudanganya. Iko kundi A, kwenye orodha ya vifaa vya kudumu vya vichanga pamoja na vitanda na vigari. Kiwango cha mbeleko za kitambaa kilianza kutumika Januari 30, 2018, na hakikubagua iliyo na pete na isiyo na pete. Maabara inapakia uzito, inatikisa, inaangalia mshono na kama mwanasesere wa majaribio anatoka. Lazima ishonewe lebo ya maonyo isiyotoka, iwe na maelekezo, na kila mnunuzi apewe kadi ya kujiandikisha iliyokwisha kulipiwa stempu ili apatikane likitokea tatizo. Kumbukumbu hizo unazitunza miaka sita.

Kuhusu dada yako: akishona Tanga ukaingiza wewe, mwagizaji ni wewe na cheti ni chako. Na kuanzia Julai 8, 2026 taarifa za vyeti vya bidhaa zinazoagizwa zinapelekwa kwa njia ya kielektroniki wakati mzigo unaingia, hata mzigo mdogo. Anza kwanza na unachoshona mwenyewe.

Kaka wa Kariakoo, nakuheshimu, na una nusu ya ukweli. Khanga ikiuzwa kama khanga si bidhaa ya mtoto. Lakini tume haisomi neno la kwenye lebo tu. Inaangalia mtengenezaji anasema nini, tangazo na picha zinaonyesha nini, na watu kwa kawaida wanakijua kitu kile kama nini. Dada akiandika "kitenge" na picha ina mtoto mgongoni, hiyo ni mbeleko.

Cherehani_ya_Tanga

Kaka FundiMbao, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu na kalamu.

Picha zangu zote zina mtoto mgongoni. Zote. Na hata ningezifuta, mimi nikiwa mezani pale mama akaniuliza "hiki unambebaje mtoto?", nitafanyaje? Nitamwonyesha. Siwezi kumwangalia mtu usoni nikamwambia sijui.

Shangazi_Muuguzi

Mwanangu, nipo Brooklyn Park, si mbali na wewe. Mzaliwa wa Mwanza, nauguza watoto hapa Minnesota miaka ishirini na zaidi. Mambo ya vyeti siyajui kama huyo fundi. Nataka kukwambia kwa nini mtu anakupimia kitambaa.

Februari 2006, hapahapa Minneapolis, alifariki mtoto wa kiume wa miaka 4. Alimeza kipambo cha moyo kilichokuwa kwenye bangili iliyotolewa bure ukinunua viatu. Kilikuwa risasi asilimia 99. Alianza kwa kutapika, kama mtoto yeyote mwenye tumbo. Sikuwa namuuguza mimi, lakini hakuna muuguzi wa watoto wa mji huu wa wakati ule asiyekikumbuka kifo kile. Hakuna mama ambaye angekitazama kipambo kile akajua kilikuwa na nini ndani. Jicho halioni risasi. Hilo ndilo maabara inaloliona.

Mbeleko sasa. Machi 2010 tume ilitoa onyo kuhusu mbeleko za kitambaa za kubebea vichanga. Walihesabu vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na 12 kati ya hivyo ni watoto wa chini ya miezi minne. Kichanga akilazwa ndani ya kitambaa mbele ya kifua cha mama anajikunja, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inabanwa. Au pua inagandamizwa kwenye kitambaa. Hana nguvu ya shingo ya kujigeuza. Halii, kwa sababu hewa ya kulilia haipo. Dakika moja au mbili. Mama anadhani amelala.

Sasa nikuulize, mwanangu. Kwenu Tanga mtoto anapandishwa mgongoni lini?

Cherehani_ya_Tanga

Shikamoo shangazi.

Nimeliacha swali lako siku nzima kabla ya kujibu, nilikuwa napiga deki vyumba nalo.

Kwetu mtoto hapandishwi mgongoni shingo haijakaza. Bibi mzaa mama hakuruhusu. Arobaini ikitoka mtoto anatolewa nje, lakini anapakatwa mikononi. Bibi alikuwa anamlaza kifudifudi mapajani, anaangalia kama anainua kichwa na kukishikilia. Akikishikilia, siku hiyo ndiyo anasema haya, mpandishe. Miezi mitatu, minne, wengine zaidi. Na hata mgongoni alikuwa anakuja nyuma yako anaingiza vidole viwili kati ya kitambaa na uso wa mtoto, anageuza kichwa upande, ndipo uende kisimani. Sikuwahi kuliita hilo sheria. Nilijua ndivyo mtoto anavyobebwa.

Sasa shangazi, wale waliokuja kununua kwangu hawana bibi yule. Wengi wanamfunga mbele, amelala kama kwenye machela, mtoto wa wiki mbili. Mmoja alinionyesha picha kwenye simu kwa furaha, na mimi nikamwambia amependeza. Nilimwambia hivyo. Nilikuwa na maarifa ya bibi kichwani na sikumpa, nikampa kitambaa tu na chenji yake.

Kumbe lebo ile ya maonyo ndiyo kazi yake. Nilikuwa naiona kama uchafu wa kuharibu pindo langu.

Kaka FundiMbao, nina swali moja zito. Zile 15 nilizokwisha uza nifanye nini?

FundiMbao

Acha kuuza leo, hilo la kwanza. La pili, tume ina ofisi maalumu ya kusaidia wafanyabiashara wadogo, waandikie ueleze kama ulivyoeleza hapa: umeuza ngapi, lini, hazijapimwa, na uulize wajibu wako wa kutoa taarifa. Usikae nalo, sheria ikivunjwa taarifa inatakiwa haraka. Kuna na chombo chao cha bure mtandaoni, Regulatory Robot, kinakuuliza maswali kuhusu bidhaa yako kisha kinakutajia kanuni zinazokuhusu. Mimi niliwaandikia kuhusu rangi zangu, wakanijibu kwa adabu na kwa lugha ya kueleweka. Siku hizi nachonga mbao tupu, sipaki kitu, na magari mawili tu ndiyo yana rangi kwa sababu muuzaji wa rangi hiyo ana cheti cha maabara.

La tatu unalijua mwenyewe. Watafute wanunuzi.

Mdoli_wa_Moshi

Nami niongeze, dada, kwa walio nyumbani wanaosoma huu uzi wakidhani ni mambo ya Marekani tu. Mimi nashona midoli Moshi, nilikuwa nauza Ujerumani na Uholanzi kupitia soko la mtandaoni. Desemba 13, 2024 kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa ikaanza kutumika. Inataka kila bidhaa inayotoka nje iwe na mtu au kampuni ndani ya Umoja wanaowajibika kwayo, na jina na anwani yao vionekane. Sikuwa na mtu. Wiki moja kabla ya hapo nilizima duka langu kwa nchi zote za Ulaya, msimu wa Krismasi, na midoli 30 kwenye kikapu.

Midoli kule ilikuwa na masharti yake tangu zamani: alama ya CE, ya kuonyesha bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya, na kiwango cha EN 71 cha nguvu, moto na kemikali. Tofauti ni kwamba fundi ukifuata viwango hivyo vyote unaruhusiwa kujithibitishia mwenyewe na kutunza jalada la kiufundi kwa miaka 10. Hilo nililiweza. Nilivuta, nilichoma vipande nyuma ya nyumba, nikapiga picha kila hatua. Kilichonishinda ni hiyo anwani. Kampuni zipo zinazokodisha jina lao, lakini ada ya mwaka ingekula faida ya midoli yangu yote. Sasa ninaye binamu Hamburg mwenye kampuni ndogo ya usafirishaji, tunazungumza. Sijafika bado.

Macho ya kudarizi nakuunga mkono. Tumia mshono wa kujaza, siyo mafundo, mtoto anayeota meno anayatafuna mafundo mpaka yanafumuka.

MsemaKweli255

Da Tanga, nimesoma ya shangazi. Mke wangu amejifungua mwezi uliopita na huwa anambeba mbele akipika. Nimemwonyesha. Nilichokushauri mwanzo nakifuta, usikifuate.

Cherehani_ya_Tanga

Wanajamvi, nimerudi baada ya wiki tatu, na nimeona si vizuri kuwaacha bila habari.

Namba ya mtengenezaji mdogo nimeipata. Ilinichukua jioni moja, kijana wangu mkubwa akinisomea Kiingereza. Magauni nimeshaandika vyeti vyake: maelezo ya gauni, kanuni zinazolihusu, jina langu, limeshonwa wapi na lini, nani anatunza kumbukumbu. Lebo nimechapa za utepe wa pamba, zinashonwa ndani ya ubavu: jina la kazi yangu, St. Paul, Minnesota, mwezi na mwaka, na namba ya bunda. Kila kitambaa nikikifungua nakipa namba, naandika kwenye daftari lilelile nililokuwa naandikia madeni ya vitumbua vya msikitini. Kitenge kimoja kizuri sana, chenye chapa ya dhahabu, nimekiweka pembeni. Nitajishonea mwenyewe.

Midoli nimeng'oa macho. Ilinichukua usiku mbili na niliona uchungu, maana vifungo vile niliviteua kimoja kimoja, kila mdoli uso wake. Nimedarizi kama alivyosema wa Moshi. Nilinunua mizani ya begi. Mdoli wa kwanza bega lilifumuka kwa ratili 12. Wa kwanza kabisa! Na ndiyo bega nililokuwa nimewauzia watu mwaka mzima. Sasa mabega napiga mshono mara tatu na uzi wa poliesta, yanafika ratili 15 na kukaa. Miwili imekwenda maabara kwa kipimo cha vipande vidogo, dola 90, nasubiri.

Mbeleko nimezitoa. Nimefuta picha. Siziuzi mpaka nitakapoweza kulipia kipimo, na nimeanza kutenga dola 40 kila wiki ya mshahara. Nikifika, nitashona mtindo mmoja tu, na maelekezo nitayaandika mwenyewe juu ya yale wanayolazimisha, na vidole viwili vya bibi vitakuwemo.

Tume nimewaandikia, wamejibu, tunaendelea.

Wanunuzi 15: kumi na mmoja nina namba zao. Niliwaandikia ujumbe mmoja mmoja, nikaomba kijana asinirekebishie maneno sana. Nikasema mbeleko haijapimwa, usimbebe mtoto wa chini ya miezi minne, uso wake uuone muda wote, kidevu kisiguse kifua, na ukitaka hela yako nitakurudishia hata kama imechakaa. Kumi wamejibu. Watatu wamerudisha, nimewapa hela zao. Mmoja alinipigia tukaongea nusu saa, nikamwelekeza kwa video jinsi ya kumweka mgongoni, mwanawe ana miezi saba na shingo imekaza vizuri. Wa kumi na moja nimempigia mara nne, nitaendelea kumpigia.

Wanne sina namba zao, walilipa taslimu kwenye maonyesho ya Desemba. Watatu watoto wao niliwaona, walikuwa wakubwa, wanasimama. Mmoja ndiye anayeniamsha usiku. Alikuwa mjamzito, miezi saba kwa kukisia, dada mrefu mwenye nywele nyekundu, alikuja na mama yake. Alichagua ya bluu yenye samaki wa njano, akasema chumba cha mtoto kimepakwa rangi hiyo. Kwa hesabu yangu amejifungua Februari. Mtoto ana wiki chache.

Shangazi, na wengine mlio huku St. Paul na Minneapolis, mnaofanya kliniki, mnaosafisha hospitali, mnaolea watoto wa watu: mkiona mama ana mbeleko ya bluu yenye samaki wa njano, pindo mara mbili, kona zimekazwa kwa mshono wa kukatiza, tafadhali msimameni mzungumze naye. Mwambieni aliyeishona anamtafuta.